Cha Tatu Kushoto

Ash Narrows, Minnesota
1 Desemba 1996

Shemeji Reino,

Asante kwa simu yako siku ya ibada ya kumuaga Orrin. Nilikusikia kwa taabu, hiyo mashine yako ya hewa inanguruma kuliko wewe mwenyewe. Usiendelee kuomba radhi kwa kutofika. Mapafu yako hayaiwezi baridi ya huku, na hata ungefika usingemzika mtu. Mwaka huu ardhi imeganda mapema, wachimba makaburi wamefunga kazi tangu katikati ya mwezi uliopita. Jeneza lake limehifadhiwa kwenye kile chumba cha mawe nyuma ya kanisa pamoja na la marehemu bibi Aasen, wanangoja ardhi ilegee. Mchungaji anasema ni mwezi wa tano.

Jikoni kwangu kuna mabakuli tisa ya viazi na nyama ya kusaga, yote ya majirani, na mimi sina njaa.

Nina swali moja na sina mwingine wa kumuuliza. Wewe umevua naye usiku wa vuli kwa miaka thelathini na moja. Mimi mkewe kazi yangu ilikuwa kukaanga.

Usiku ule wa tarehe tisa Novemba hapakuwa na mwezi. Upepo ulitoka kusini, wa kawaida tu. Alikwenda peke yake pale ziwani kwenye mawe ya Halvorsen, bila tochi, kama desturi yenu. Fimbo yake ilikutwa imeegemezwa katikati ya mawe mawili na kisanduku cha chambo kando yake, kimefungwa vizuri. Mshipi uliingia majini, na chambo kilikuwa kimenasa mwambani hatua kumi na mbili kutoka ufukoni. Yeye walimpata siku ya tatu, mbele kidogo ya hapo, kina kinapoanguka ghafla. Polisi alinirudishia chambo ndani ya mfuko wa karatasi na sasa ninacho mezani. Ni kisamaki cha mbao, mgongo wa kijani, tumbo la rangi ya chungwa, na mdomoni kina ulimi wa plastiki mrefu kama kijiko cha chai.

Je, mtu anayewataka samaki wa wolai angechagua chambo hicho, usiku kama ule, mahali kama pale? Nijibu hilo tu, mengine niachie.

Thyra


Tucson, Arizona
10 Desemba 1996

Shemeji Thyra,

Umenikataza mengine, nawe unajua kabisa kuwa mimi bila mengine siwezi hata kusalimia.

Wolai ana macho ya paka. Mchana wa jua anajificha chini, lakini usiku wa vuli anapanda mawe kuwafuata samaki wadogo, mpaka kwenye maji ya magoti. Kwa hiyo unachukua chambo cha ulimi mfupi, kinachoogelea juu juu, na unakivuta polepole mpaka unajionea aibu. Rangi unaiuliza mbingu. Kukiwa na mwezi, cha fedha. Upepo ukichafua maji, cha dhahabu. Giza likiwa tupu, cheusi, kwa sababu samaki anatazama kutoka chini, na cheusi ndicho anachokiona dhidi ya anga. Duane wa duka la chambo hajawahi kuliamini hilo. Orrin alibishana naye asubuhi moja mpaka kahawa yao ikaota ngozi, kisha akatoka bila kununua kitu.

Lakini hizo ni kanuni, na sisi tulizivunja mara nyingi. Chungwa nalo lina siku zake. Orrin alikuwa mtu wa kujaribu. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, shemeji. Inawezekana kabisa alikichagua.

Huku kuna jua kila siku mpaka linachosha. Nakaa kibarazani na mrija wangu puani, natazama kokoto. Simu ikilia Jumamosi bado nadhani ni yeye.

Hebu niambie, kile kisanduku chake kiko vile vile alivyokizoea? Nauliza tu.

Reino


Ash Narrows
19 Desemba 1996

Shemeji Reino,

Kisanduku kipo na kinapendeza kuliko wakati wowote. Mwezi wa tisa alipotimiza miaka sitini na mbili, sikuwa na zawadi ya maana ya kumpa, basi nikamsafishia. Kilikuwa kinanuka kama kaburi la samaki. Nilikosha kila kichumba kwa mswaki, nikatandika vipande vya kitambaa cha flaneli, nikapanga chambo vyake vyote kwa rangi, cheupe mwanzo na cheusi mwisho. Kazi hiyo ilinichukua jioni tatu. Cheusi ni kile alichokichonga mwenyewe tulipooana na mimi nikakipaka ile rangi nyeusi ya kupakia jiko. Bado kipo, mwisho kabisa upande wa kulia. Orrin alipofungua alitazama muda mrefu, akanibusu paji la uso na kusema kimekuwa kama duka la peremende. Safu ya juu ina kichumba kimoja tu kitupu, cha tatu kutoka kushoto, kati ya njano na nyekundu. Hicho ndicho cha kile kisamaki chenye ulimi mrefu.

Sasa nikuambie kwa nini nauliza. Duane anasema dukani kwake, mbele ya watu, kwamba hakuna mvuvi wa ziwa hili anayekwenda mawe ya Halvorsen usiku na chambo kile. Anasema Orrin alifunga chochote kilichokuja mkononi ili ionekane kwamba alikuwa anavua. Mke wa mchungaji amekuja kunishika mkono mara mbili na hakusema kitu, jambo ambalo si kawaida yake.

Na kuna pete. Usiku ule aliivua akaiacha kwenye ukingo wa sinki, ndani ya kikombe cha yai. Niliikuta asubuhi nilipokuwa nangoja kusikia gari lake.

Katika barua yako umesema habari za ulimi mfupi, ukauruka mrefu. Wewe mtu wa maneno mengi ukiruka kitu mimi naona. Nakuuliza mara ya pili.

Thyra


Tucson
3 Januari 1997

Shemeji Thyra,

Barua yako imenikuta kitandani, kifua kimenibana tangu Krismasi, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Ulimi mrefu au mfupi, haileti tofauti. Orrin alikuwa na miaka sitini na mbili, ana kisukari, amesimama kwenye maji ya barafu na ile suruali ya mpira inayofika kifuani. Moyo ulisimama. Mimi naamini hivyo na wewe uamini hivyo. Pete wanaume wengi huivua wanapokwenda majini. Duane mwambie afunge mdomo, hajawahi kushika wolai asiyemnunua.

Acha kukitazama hicho chambo. Kitupe.

Reino


Ash Narrows
14 Januari 1997

Reino,

Moyo wake ulikuwa mzima. Daktari wa wilaya aliufungua na kuandika, karatasi ninayo tangu Novemba. Mapafu yalijaa maji. Nilikuwa nakupima, na umeshindwa.

Chambo sikukitupa. Nilijaza bafu maji, nikakifunga kwenye uzi na kukivuta. Kilitumbukiza pua chini hapo hapo, kikaanza kukwangua sakafu ya bafu kama kuku anayechakura mchanga. Nikafunga cha ulimi mfupi, kikaogelea juu kwa adabu. Mimi niliyepika shuleni miaka ishirini na sita na sijawahi kuvua hata dagaa nimeelewa ndani ya dakika tano. Pale Halvorsen maji ni ya kiunoni na chini ni mawe matupu. Chambo kile hakiwezi kwenda hata urefu wa meza bila kunasa. Orrin alijua hilo kama alivyojua jina lake. Wewe pia unajua, na umeniandikia kwamba alikuwa mtu wa kujaribu.

Basi Duane ana haki. Hakwenda kuvua.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mchungaji. Miaka miwili hii Orrin hakunigusa uso. Zamani alikuwa na tabia ya kupitisha kidole shavuni kwangu akipita nyuma ya kiti, bila hata kufikiri. Aliiacha. Mikono yake ikawa mifukoni wakati wote. Alianza kuvaa masweta, mashati ya vifungo akayaning'iniza. Nilijiambia ni uzee. Sasa naona alikuwa anaondoka kidogo kidogo, akamalizia usiku ule, na pete akaniachia kwenye kikombe cha yai.

Jiwe letu la kaburi lina majina mawili. Tulilinunua mwaka themanini na tisa lilipokuwa bei nafuu, tukacheka. Fundi anasema anaweza kulisaga jina lake lisionekane. Nimemwambia aanze mwisho wa mwezi wa tatu. Ardhi ikilegea Orrin atakwenda kulala kwenye makaburi ya Moen, kando ya wazazi wake. Mimi silali milele kando ya mtu aliyenikimbia.

Usinijibu. Ulikuwa rafiki yake na umeficha kwa ajili yake, nakuelewa, lakini sina haja na barua zako.

Thyra Sandvik


Tucson
2 Februari 1997

Shemeji Thyra,

Umenikataza kukujibu na ninajibu. Ukiichoma barua hii, ichome baada ya kusoma.

Nimeiandika mara nne. Binti yangu Lempi ananiuliza ni nini ninachochana usiku kucha. Nilitaka ubaki na uongo wangu wa moyo kwa sababu niliona ni mdogo na ungekutosha. Sikujua kwamba ulikwisha kuwa na karatasi ya daktari, wala sikujua kwamba ungeujaza uwazi ule kwa jambo baya kuliko lenyewe. Sasa unataka kumsagia mtu jina lake jiweni kwa kosa ambalo hakulifanya, na kunyamaza kwangu ndiko kulikokufikisha hapo.

Vidole vya Orrin vilikuwa vimekufa ganzi. Ni kisukari. Vilianza kwenye ncha, kisha mpaka viungo vya katikati, mikono yote miwili. Vifungo vya shati havikukubali tena, ndiyo maana ya masweta. Mimi ndiye niliyekuwa namfungia fundo la mshipi msimu wa mwisho kabla sijahamia huku, na nilipoondoka nilimwachia pini ndogo za kubania chambo kwenye mshipi, zile ambazo miaka yote tulizicheka kuwa za watalii. Tazama mwisho wa ule mshipi, utaikuta. Pete ilikuwa inamchomoka bila yeye kuhisi. Mara moja ilianguka kwenye ndoo ya chambo hai tukaitafuta nusu saa kwenye baridi. Tangu siku ile aliivua kila alipokwenda majini na kuivaa akirudi, kabla hujaamka. Wewe uliiona mara moja tu kwa sababu mara ile hakurudi.

Na uso wako. Aliniambia hili kwa simu, akalia, na sikuwahi kumsikia akilia. Alisema, “Nampapasa Thyra shavu, Reino, na ni kama napapasa ukuta. Siwezi kumgusa halafu nisimhisi.” Nilimwambia akuambie. Alikataa. Angekuambia ungempeleka kwa daktari, daktari angeandika, na wangemnyang'anya leseni ya kuendesha basi la shule ikiwa imebaki miaka mitatu astaafu. Nikanyamaza naye. Watoto wa watu walipanda basi lile kila asubuhi na mimi nikanyamaza.

Sasa chambo. Kule mwambani hatuwashi tochi, unajua, mwanga mmoja tu unawafukuza wolai saa nzima. Na hatufungi chambo nyumbani. Unafika kwanza, unayatazama maji, kisha unafungua kisanduku gizani na mkono unakwenda mahali pake. Orrin alikuwa na vitatu vya usiku, safu ya juu, kushoto. Cha kwanza fedha, cha pili dhahabu, cha tatu cheusi. Miaka thelathini na moja havikuhama. Mtu mwenye vidole vizima akikosea kichumba, atahisi ulimi mrefu na atakirudisha. Orrin asingehisi. Kwake mahali ndipo palipokuwa macho na vidole.

Jumamosi ile alinipigia simu kabla ya kutoka, kama kila Jumamosi. Akaniambia hakuna mwezi, upepo wa kusini. Nikamwambia kile nilichomwambia mara mia, cha tatu kushoto. Akacheka, akasema siku hizi kwake kuna utaratibu mpya wa serikali, lakini amenisikia. Sikumuuliza utaratibu gani. Nilikuwa na soda mkononi na mpira wa miguu kwenye televisheni. Nilikuja kuelewa niliposoma barua yako ya pili, habari ya kichumba kitupu. Nilikaa na barua ile magotini mpaka Lempi akaja kuniwashia taa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alijua umepanga upya, hakuvuruga kwa sababu ulitumia jioni tatu, na nadhani alikusudia kujifunza mpangilio wako. Lakini mkono wa miaka thelathini na moja haujifunzi katika wiki nane, hasa sikio likiwa limetoka kusikia cha tatu kushoto kutoka kwa mpumbavu aliyeko jangwani. Akatupa mara moja, chambo kikazama, kikanasa. Mwingine angekata mshipi aende zake. Orrin hakukata, kwa sababu hakujua ni kile cha kijani cha dukani. Alidhani ni cheusi. Alidhani ni kile ulichompakia rangi ya jiko, na akaweka fimbo kati ya mawe na kukifuata majini gizani, mpaka pale kina kinapoanguka.

Sina njia ya kuandika hili bila kukuumiza. Jioni zako tatu zimo ndani yake. Simu yangu imo ndani yake, na kunyamaza kwangu miaka miwili, na ukaidi wake mwenyewe. Gawa utakavyo, lakini fungu langu lisiwe dogo kuliko lako.

Hakukukimbia, Thyra. Alikwenda kuvua na alikuwa anarudi.

Reino Kallio


Ash Narrows
18 Mei 1997

Shemeji Reino,

Nimechelewa kujibu. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikakuchukia mpaka Pasaka. Katika karatasi moja umenirudishia mume na kuniambia ni mimi niliyemtoa. Kwa wiki nyingi sikuweza kutazama flaneli. Nilikuwa nimebakiwa na kipande, nikakichoma kwenye jiko, na moshi wake ukanifanya nilie upya.

Pini ipo. Niliitafuta kabla sijamaliza kusoma ukurasa.

Fundi nilimpigia siku ile ile. Alikuwa hajaanza. Duane sikumwambia kitu. Nilikwenda tu dukani kwake nikamuuliza, mbele ya watu, anadhani usiku wa giza tupu mtu aweke rangi gani. Akasema nyeupe, ili samaki waione. Wazee wawili waliokuwa pale wakatazama viatu vyao, nami nikarudi nyumbani.

Mkuu wa shule nimemwambia habari ya vidole. Nilidhani watu watamtukana Orrin, na wengine wamemtukana. Mama mmoja mwenye watoto watatu kwenye basi lile hanisalimii tena, na siwezi kumlaumu.

Tumemzika jana. Ardhi bado ilikuwa baridi chini ya koti la majani, jembe lilitoa sauti. Yuko kwetu, kushoto mwa mahali pangu. Pete nimemvisha mwenyewe kwenye kile chumba cha mawe, wakaniacha peke yangu naye. Nilipitisha kidole shavuni kwake vile alivyokuwa akinifanyia. Wewe uliandika kwamba alisema ni kama kupapasa ukuta. Sasa najua alichokuwa anakisema.

Unataka tugawane. Nimejaribu, usiku mwingi, na hesabu yangu haifiki mwisho. Lakini nitakuambia jambo moja na usinibishie. Ukiniuliza nichague kati ya mume aliyenikimbia na mume niliyemuua kwa flaneli, nachagua huyu wa pili. Huyu naweza kulala kando yake. Imenishangaza mwenyewe kwamba naweza kuandika hivyo.

Baada ya mazishi, watu walipoondoka na mabakuli yao, nilikiweka kisanduku mezani na kumwaga vyote. Nikazima taa ya jikoni. Nikaanza kuvirudisha kama ulivyoandika, fedha, dhahabu, cheusi. Gizani rangi haionekani, kwa hiyo nilikuwa napapasa. Cheusi nilikijua kwa ile rangi ya jiko, niliipaka vibaya, ina matone yaliyoganda tumboni. Nimekiweka cha tatu kushoto.

Kile cha ulimi mrefu kilinijia mkononi mara tatu katika ule mchanganyiko, na mara zote tatu nilikitambua kabla sijakiinua mezani. Vidole vyangu mimi bado vinahisi.

Thyra